Kabla Hujavua Kitambaa

Simu ya Subilaga ilinikuta nikigombana na televisheni. Mjukuu wangu alikuwa amewasha tamthilia yake ya madaktari, ile isiyoisha, na humo ndani kijana mmoja mwenye nywele zilizochanwa vizuri alikuwa amempandia mgonjwa juu ya kitanda, amepiga magoti, anamkandamiza kifua huku kitanda kinasukumwa mbio korido nzima. Nikasema muongo huyo. Mjukuu akasema, "Bibi, acha tuangalie basi." Nikasema angalia, lakini ujue kwamba mgonjwa wa kweli akipandiwa hivyo, mbavu zitamuua kabla ya moyo. Hapo ndipo simu ikalia, nikaona jina la Subilaga, binti wa Sekela wa Kyela, na kabla sijapokea moyo ulishaniambia, maana Subilaga hunipigia Jumapili na siku ile haikuwa Jumapili. "Mama Mkubwa," akasema, "Mama ametutoka." Nikasikia wanawake wanalia nyuma yake. "Ukiwa na nguvu, njoo. Hatutamzika bila wewe. Na kuna neno amekuachia, nitakwambia ukifika." Nikamwambia mjukuu azime televisheni. Hakubisha.

Watu wazima wakiandika kumbukumbu zao huanza na babu aliyetoka sijui wapi akavuka mto sijui gani. Mimi nitawaruka wote, wanisamehe huko makaburini. Nataka kusimulia mwaka mmoja tu, ule nilioishi Mbugani, Kyela mjini, mlango kwa mlango na Sekela. Nilikuwa daktari mpya, nimemaliza mazoezi hospitali kubwa ambako ukikwama unamwita mkubwa wako, nikapangiwa hospitali ambayo mkubwa wangu alikuwa mmoja tu, na huyo mmoja kila mara alikuwa Mbeya kwenye vikao. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa. Madukani vilijaa vitu tulivyovipangia foleni utotoni, sabuni za rangi zote, vitenge, redio za kaseti, na sisi hospitalini tulikuwa tunafua glavu. Ndiyo, tulizifua, tukazianika kwenye kamba nyuma ya thieta vidole chini, tukazipaka poda, tukazivaa tena mpaka zitoboke. Na ilikuwa miaka ya ule ugonjwa ambao watu hawakutaka kuutaja kwa jina, kwa hiyo kila glavu niliijaza maji kwanza nione kama inavuja. Daktari wa kwenye televisheni anavuta glavu mpya, anatupa, anavuta nyingine. Anaweza kuchoka, anaweza kugombana na mchumba wake mbele ya wagonjwa, lakini sijamwona hata mmoja aliyeogopa glavu. Mimi niliziogopa. Niliogopa mlango wa wodi, niliogopa kishindo cha mtu anayekuja mbio kuniita, niliogopa hata kukaa nikala nikashiba, kwa sababu nilijiaminisha kwamba nikishiba tu wataniita.

Chumba changu kilikuwa uani kwa Mzee Sudi, mfanyabiashara mwenye asili ya Pangani, aliyeuza vitambaa na vyombo dukani mbele na kununua mpunga na kakao kwa wakulima. Uani humo daima kulikuwa na kakao iliyoanikwa kwenye mikeka, na ile harufu yake ya uchachu iliingia mpaka kwenye mashuka. Chumba cha pili kilikuwa cha Sekela na mumewe Lusajo, dereva wa pikapu ya Mzee Sudi. Ukuta uliotutenga haukufika kwenye bati, kwa hiyo mambo yao niliyasikia nipende nisipende. Asubuhi Sekela alinisalimia kwa kupitisha sauti juu ya ukuta, "Ugonile, Dokta?" Ni salamu ya kwao, kwa maneno ni kama kukuuliza umelala. Mimi nikijibu kwa Kiswahili changu cha ugenini kwamba nimelala, ananisuta, "Umelala wapi, nimekusikia unaamrisha manesi usingizini!" Halafu ananipitishia sahani mlangoni, mbalaga, zile ndizi wanazozipika zikalainika, na usipa, dagaa wa ziwani, wa kukaanga juu yake, anasimama kunitazama mpaka nimalize. Nilimpenda kwa hilo. Lakini kuna maneno mengine niliyoyasikia juu ya ukuta ule ambayo hayakuwa ya kucheka. "Mama ameuliza tena," Lusajo anasema kwa sauti ya chini. "Utamwambia nini?" "Sijui. Wewe ndiye mwenye tumbo." Walikuwa wameoana muda mrefu kiasi cha watu kuanza kuhesabu, na mtoto hakuna. Siku moja Sekela aliingia chumbani kwangu, akafunga mlango kwa mgongo, akaniambia amekosa siku zake. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Akaniapisha nisimwambie mtu, hata Lusajo, mpaka tumbo liseme lenyewe.

Mjukuu wangu huniuliza kama hizo tamthilia zina ukweli wowote. Ninamjibu kwamba zina. Kula umesimama wamepatia. Kulala na viatu wamepatia. Kumfokea usiyetakiwa kumfokea, kisha ukaenda kulia chooni, wamepatia kabisa, nawapa mkono. Walichoshindwa ni kile ambacho hakina picha, kule kungoja. Kungoja mafuta ya jenereta, kungoja ndugu wa mgonjwa warudi na dripu kutoka duka la dawa, kungoja damu. Kwenye televisheni damu inaitwa na damu inakuja. Kwetu damu ilikuwa imekaa kibarazani kwenye benchi, imevaa kanga na makoti, inajadiliana kama itoke au isitoke.

Nilianza kuziangalia tamthilia hizo hapohapo kwa Mzee Sudi. Jumamosi alasiri alifungua stoo ya nyuma, akawasha jenereta na video, na mtaa mzima ukaketi juu ya magunia ya mpunga. Mpwa wake wa Dar es Salaam alimletea mikanda ya watu wa kupigana na watu wa kupendana, lakini mwaka ule iliyotia fora ilikuwa ya madaktari, hospitali inang'aa kuanzia sakafu mpaka dari na kila mtu anakimbia. Kiingereza chao kilikimbia pia, ndipo alipohitajika Mzee Anganile, baba mkubwa wa Sekela kutoka kijiji cha Talatala, aliyefanya kazi machimboni nje ya nchi ujanani na kurudi na kofia ngumu na Kiingereza. Alisimama pembeni ya kioo na fimbo yake akatafsiri, Kiswahili kikiisha anaingiza Kinyakyusa, Kinyakyusa kikiisha anatunga. Ile mashine ya kushtua moyo aliiita pasi. "Sasa wanampiga pasi," anatangaza, mgonjwa anaruka kitandani, anafumbua macho, na stoo inapiga makofi. Na alikuwa na kanuni moja ambayo watu wote waliishika kuliko amri za kanisani. Ndugu wa mgonjwa wakiwa wamekaa kwenye korido, mlango ukafunguka, daktari akatoka na kitambaa mdomoni, Mzee Anganile aliinua fimbo watu wanyamaze. "Mtazameni mdomo," anasema. "Akisema kabla hajavua kitambaa, mgonjwa mzima. Akivua kitambaa kabla hajasema, afwile." Yaani amekufa. Na kweli, aliyeitunga tamthilia ile sijui nani alimroga, kila mara ilikuwa hivyohivyo. Daktari anakishusha kitambaa taratibu, anainamisha macho, mama wa watu anaanguka kabla hajaambiwa neno. "Afwile! Mwe bandu!" wanawake wanalia, yaani jamani watu, wakishika vichwa, machozi ya kweli kabisa, kwa ajili ya mtu wa kwenye kioo. Sekela alinibana kiwiko. "Gwe Dokta, na nyie mmefundishwa hivyo?" Nikamwambia sisi tunavua kwa sababu ya joto. "Muongo huyo," akasema, akarudisha macho kwenye kioo.

Kicheko hicho hakikudumu. Kabla ya mvua kubwa aliletwa mzee mmoja kutoka ufukweni, moyo umechoka, miguu imevimba, pumzi anaitafuta. Tulimpa tulichokuwa nacho. Alikufa mchana, mkono wake mkononi mwangu, na nilipotoka kuwaambia wanawe, mkubwa wao aliniuliza bila ukali wowote, "Dokta, mbona hamkumpiga pasi?" Sikuelewa. Nilidhani anazungumzia nguo za marehemu. Akaweka viganja viwili kifuani pake, akajirusha kidogo nyuma, ndipo nikaelewa. Pasi tuliyokuwa nayo sisi ilikuwa ya mkaa, ya kunyooshea makoti. Nikamweleza kwamba mashine ile hatuna, na hata tungekuwa nayo isingemfaa baba yake. "Ipo," akasema taratibu. "Kwa Mzee Sudi tumeiona." Ndugu zake walikuwa wamesimama nyuma yake, wananitazama, na mimi nilirudi ndani kinyumenyume mpaka mgongo ukagusa mlango. Tangu siku hiyo nikaogopa na watu pia. Nilikuwa nalinganishwa na mtu asiyekuwepo, mwenye umeme usiokatika na damu isiyokwisha kwenye friji, na kila niliposhindwa mimi, yeye alikuwa ameshashinda Jumamosi iliyopita. Niliacha kwenda stoo. Sekela aliendelea kwenda, kisha ananisimulia juu ya ukuta nani kafa na nani kapona.

Siku yenyewe ilianza asubuhi ya kawaida. Joto la Kyela lilikuwa limeshatukaba, mkubwa wangu yuko Mbeya, nami nafunga viatu, nikasikia sufuria imeanguka jikoni uani. Nilimkuta Sekela amekaa chini, ameegemea ukuta, mikono tumboni, jasho linamtoka. "Tumbo?" nikamuuliza. "Tumbo linauma," akasema, "lakini bega, Dokta. Bega ndilo linaloniua." Asiyesomea kazi hii atashangaa, tumbo na bega wapi na wapi. Mimi niliposikia bega, nikapiga magoti kando yake. Damu ikimwagika ndani ya tumbo ikafika juu chini ya mapafu, mtu huisikia begani. Nikafunua kope lake, ndani kweupe. Nikashika mkono, mapigo membamba, yanakimbia. Ile mimba aliyoniambia kwa kunong'ona haikutunga mahali pake, ilitunga kwenye mrija, na mrija umepasuka. Nilimwita Lusajo kwa sauti ambayo mpaka leo sijui niliitoa wapi. Tukampakia kwenye pikapu juu ya magunia matupu, kichwa chake mapajani mwangu, na njia nzima Lusajo aliuliza, "Ana nini? Dokta, ana nini?" na Sekela alinibana mkono nisiseme. Nikasema. Ilibidi nimwambie mumewe kwamba alikuwa na mtoto na kwamba mtoto hayupo tena, kwa pumzi moja, kwenye barabara ya mashimo.

Habari Mbugani haiendi kwa miguu. Tulipokuwa tunamwandaa Sekela, kibaraza cha hospitali kilishajaa, wa Talatala wameshaletwa na lori la mpunga, na Mzee Anganile yumo amekaa benchi la mbele na fimbo yake. Damu ya Lusajo haikulingana na ya mkewe. Nikamtuma mtu wa maabara akawapime ndugu. Nikanawa mikono, nikavaa gauni, kofia, kitambaa mdomoni, nikangoja. Sista Bupe, aliyekuwa analaza wagonjwa usingizi, alishika mkono wa Sekela na kunisomea presha kila mara inaposhuka, mpaka nikamwomba aache kunitajia. Mtu wa maabara akarudi mikono mitupu. "Wanajadiliana," akasema. "Wapo walio tayari, lakini wanaogopa kupimwa. Wanasema, ukipimwa damu utaambiwa na mambo mengine." Sikuwalaumu, maana hata mimi nilikuwa sijathubutu kujipima. Lakini Sekela alikuwa anatokwa na uhai mbele yangu, na mle ndani mimi ndiye niliyekuwa na ulimi wa kuwaomba. Nikasema nitakwenda mwenyewe. Nikasukuma mlango wa thieta nikatoka kibarazani, kwenye jua, kwenye macho ya watu wote wale. Walisimama kwa pamoja. Nilitaka wanijue kwamba ni mimi, Dokta wa kwa Mzee Sudi, jirani yake Sekela. Nilitaka wanisikie vizuri. Na nilikuwa nakosa hewa. Nikainua mkono, nikashusha kitambaa.

Nilimwona Mzee Anganile akiinua fimbo. Nilimwona akiishusha. Sikuwahi kufungua kinywa. Mama yake Sekela alianguka chali kwenye saruji, na kilio kilichotoka pale sijawahi kukisikia tena maishani, kilitoka kwa wote mara moja. "Afwile! Sekela afwile!" Nikapiga kelele, "Hajafa! Nataka damu! Hajafa!" Nani anisikie? Kwenye tamthilia pia daktari husema maneno baada ya kuvua, na Mzee Anganile hakuwahi kuyatafsiri, alisema hayo ni ya kufariji tu. Nikamshika mwanamke mmoja mabegani, nikamwambia yuko hai, mama, yuko hai, naye akanikumbatia akanililia shingoni, akiniambia pole. Wanaume walishaondoka. Wale waliokuwa tayari kutoa damu, vijana wenye nguvu, niliwaona wakipanda lori, kwa sababu kwao mwanamume hakai kulia wakati kuna kaburi la kuchimbwa, tena walienda mbio kumwonyesha heshima. Mwingine alishakamata baiskeli kupeleka habari sokoni. Lusajo alikuwa amekaa chini, ameshika kichwa, ananitazama tu. Nilimkimbilia nikapiga magoti. "Lusajo, mkeo yuko hai." Akatazama kitambaa kilichoning'inia shingoni kwangu. "Usinifariji, Dokta," akasema. "Nimeona."

Sista Bupe alinivuta gauni kutoka nyuma. "Daktari, tunafungua au hatufungui?" Niseme jinsi ilivyokuwa. Nilitaka kukimbia. Nilitaka kupanda lori lile na wachimba kaburi, nishuke njiani, nipotee. Badala yake nilinawa upya, meno yananigongana kwenye joto lile, na nikafungua. Tumbo lilikuwa limejaa damu, bado nyekundu. Nilitafuta mrija kwa vidole, nikaupata, nikabana, na damu ikaacha kutoka. Lakini mwili ule haukuwa na kitu tena cha kusukuma. Hospitali kubwa nilikosomea niliwahi kuona, mara moja tu, mkubwa wetu mmoja akimrudishia mgonjwa damu yake mwenyewe. Niliona kutoka nyuma ya migongo ya wenzangu. Mifuko ya damu tuliyowaandalia ndugu ilikuwa palepale mezani, mitupu, na dawa ya kuzuia kuganda ndani yake. Nikamwambia Sista anipe kikombe cha chuma kilichochemshwa na gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, akunje nyingi. "Kwa kazi gani?" akauliza, na nilipomwambia macho yake yakawa makubwa juu ya kitambaa. Nikachota. Nilichota damu ya Sekela tumboni mwake kama mtu anayechota maji kwenye dimbwi, nikaichuja kwenye gozi, ikaingia mfukoni, mfuko ukatundikwa, ikarudi mkononi mwake. Nyingine ilinimwagikia viatuni.

Na muda wote huo, dirishani, walikuwa wanamlilia. Hiki hata mtungaji wa tamthilia hawezi kukitunga. Unamshona mtu huku mama yake anaimba msiba wake ukuta wa pili. Walikuwa wameshaanza nyimbo za kanisani, na kati ya wimbo na wimbo mtu mmoja anataja wema wake, alivyokuwa mcheshi, alivyopika, alivyokufa bila kuacha mtoto. Wakitaja hilo, kilio kinapanda. Ikafika mahali nikaanza kuwaamini. Nilisimamisha mkono, nikamwambia Sista, "Mwangalie." "Yupo," akasema. Nikashona kidogo. "Mwangalie tena." "Yupo, Daktari." Wimbo ukapanda. Nikaweka kidole mwenyewe shingoni mwake, nikangoja, nikaogopa mpaka nikadhani mapigo ninayoyahisi ni ya kidole changu. Kisha Sista Bupe akasema neno ambalo sitalisahau, na lilikuwa neno la kawaida tu. "Presha inapanda," akasema. "Kidogo. Inapanda."

Tulipomaliza niliogopa mlango kuliko nilivyoogopa tumbo. Nilisimama nyuma yake nimevaa kila kitu, gauni lina damu mpaka magotini, na kitambaa nimekikaza kwa mikono miwili kisije kikashuka chenyewe. Nikatoka. Nyimbo zikakatika. Nikasema kwa sauti yote niliyokuwa nayo, kitambaa kikiwa mdomoni, "Yuko hai. Sekela yuko hai." Hakuna aliyesogea. Mwanamke mmoja alivuta watoto nyuma yake, nadhani aliniogopa mimi. Mzee Anganile akainuka taratibu, akaja mpaka karibu, akaukagua uso wangu jinsi anavyokagua kioo, akageuka kwa watu. "Amesema," akatangaza. "Hajavua." Ndipo mama yake Sekela akanishika miguu, akasema "Ndaga, ndaga fijo," anashukuru na hanitazami. Nami nilikaa chini pale kibarazani nikalia na kitambaa changu mdomoni, kikalowa, na hata hapo sikuthubutu kukigusa.

Sekela alipozinduka nilikuwa nimekaa kando ya kitanda. Alitazama dari, akanitazama mimi. Nilikuwa na mambo mengi ya kumwambia na yote yalikuwa mabaya, kwa hiyo nikatumia Kinyakyusa kidogo nilichokijua. "Ugonile?" nikasema. Akafikiri. Nje watu walikuwa bado wanalia, sasa kwa furaha, lakini kilio ni kilio. "Nani amekufa?" akauliza. "Wewe," nikamwambia. Alijaribu kucheka, mshono ukamkata, akalia, akacheka tena, akanishika mkono, kisha akauliza la mtoto, na nikamjibu. Tulikaa hivyo mpaka jua lilipohama dirishani. Mbugani nako walikuwa wameshapika wali wa msiba, na Mzee Sudi alishatoa jora la bafta nyeupe la kumfunikia. Sekela aliporudi nyumbani alikataa kulirudisha. Alisema ameshalifia. Alilikata pazia, akalitundika mlangoni, na mwaka ule wote uliobaki nililiona kila nilipotoka kwenda kazini, linapepea.

Uoga haukuniacha, nisidanganye. Nilifanya kazi mpaka nikastaafu na kila mlango wa thieta niliusukuma nikiogopa. Nilichojifunza Kyela ni kwamba unaweza kuogopa na mikono ikaendelea. Mzee Anganile alirekebisha kanuni yake, akaongeza kwamba ya kwenye video ni ya kwenye video, na daktari wa Kyela aulizwe kwanza. Alikuja kulitangaza hilo kwangu rasmi, na kuku. Mrija mmoja uliobaki ulifanya kazi yake, Subilaga akazaliwa nikiwa nimeshahamishwa, na Sekela akampa jina hilo la kutumaini. Kila aliponipigia simu, miaka yote hiyo, hakusema hujambo. Alisema, "Umevua?" Namwambia, "Sijavua." "Basi bado nipo," anasema, ndipo tunaanza mazungumzo.

Nilishuka Kyela nikiwa na barakoa. Tangu miaka ile ya korona sijaiacha kwenye mikusanyiko, mapafu yangu si ya kutaniwa tena. Talatala kulikuwa na watu mpaka kwenye mikakao. Subilaga alinipokea mlangoni, mama mtu mzima sasa, pua ya Sekela, akanishika viganja. "Mama alisema hivi," akaniambia. "Dokta akija, aseme kwanza. Asivue kitambaa kabla hajasema." Wanawake wazee ndani walisikia, wakanyamaza mmoja baada ya mwingine, wanaojua wakiwabana kiwiko wasiojua. Lusajo alikuwa amekaa karibu na jeneza, mvi tupu, na juu ya jeneza, sehemu ya uso ikiwa wazi, walikuwa wametandaza kitambaa cheupe kilichofuliwa mpaka kikawa laini, chenye matundu ya pete za pazia upande mmoja. Nikasogea. Uoga uleule. Nilimwona amelala, na nilijua kama ninavyojua jina langu kwamba safari hii hakuna cha kuchota wala cha kurudisha. Lakini nilikuwa nimeagizwa niseme.

"Sekela," nikasema, barakoa mdomoni. "Ugonile?"

Nikangoja. Mtu mzima mimi, daktari mstaafu, nilisimama pale nikangoja anisute. Chumba kizima kilingoja pamoja nami. Kisha Lusajo akainua uso.

"Vua, Dokta," akasema. "Leo tutakuamini."

Nikavua.